Cheti cha Petra

Kwa miaka thelathini na nane Eudosia alioka mkate katika kijiji kidogo cha mkoa wa León, Hispania, dirisha lake likitazama njia ya mahujaji. Waliokwenda Santiago kwa miguu, kwenye kaburi la Mtume Yakobo, walinunua kwake, wakamsimulia malengelenge yao. Yeye mwenyewe hakuwahi kuifuata mishale ya manjano inayoonyesha njia hata nusu siku.

Dada yake, Petra, alimsumbua kila masika. "Funga tanuri, mwanamke! Mkate utakukimbia?" Februari figo zikamuua Petra, safari haijafanyika.

Arobaini haijapita, Olegario, mume wa marehemu, akaja jikoni. "Shemeji, twende mimi na wewe. Kila hatua kwa miguu, kwa ajili yake. Ofisi ya mahujaji kule Santiago wanakubali cheti cha kumaliza hija kiandikwe jina la marehemu. Nitaandikisha Petra."

Eudosia alimkumbatia, akalia.

Wakaondoka Mei. Olegario aliamka mapema, akidai mwendo wake ni wa haraka, na jioni Eudosia alimkuta katika bweni la mahujaji ameshaoga, mihuri ya siku imegongwa katika kitabu chake cha hija. Alimwonea fahari. Mzee wa miaka sabini na moja, anatembea hivyo kwa mapenzi! Usiku alimfulia soksi.

Siku ya kupanda mlima Cebreiro mvua ilinyesha tangu alfajiri. Eudosia alifika juu matope magotini, mwili ukitetemeka. Mwenye baa akampa supu ya kabeji.

"Kunywa, mama. Yule bwana aliyesema anakungoja amejua kuishi. Leo tena teksi imemshusha hapo mlangoni."

"Bwana yupi?"

"Mwenye kofia ya kijani. Dereva anasema wamezoeana tangu mji wa Astorga."

Olegario alikuwa pembeni akicheza karata. Eudosia alitazama viatu vyake: vikavu, safi.

"Umepanda gari, Olegario?"

"Punguza sauti, shemeji. Goti linaniuma."

"Mbona hukuniambia? Tungepumzika wote. Tungerudi nyumbani. Nani angekulaumu?"

"Petra hajali nimefikaje."

"Petra hawezi kusema. Ndiyo maana umemchagua yeye kumdanganya."

Alikunywa supu yote, kwa kuwa mwili uliitaka. Kesho yake aliendelea peke yake, siku nane. Njiani alimsemesha dada yake kwa sauti, akamwomba radhi kwa kumwachia mtu yule alibebe jina lake.

Kule Santiago, Olegario alimngoja uwanjani mbele ya kanisa kuu na karatasi mkononi. Jina la Petra lilikuwa limeandikwa kwa Kilatini, herufi nzuri.

"Tazama, shemeji. Si tumetimiza?"

"Hicho ni cheti cha teksi," alisema Eudosia, akapita.

Hakuomba cheti chake. Alirudi kwa basi.

Olegario alikitundika sebuleni, na Jumapili aliwasimulia wageni wa chakula cha mchana jinsi mvua ya Cebreiro ilivyomchapa. Eudosia aliisikia hadithi hiyo mara moja tu. Akaweka uma mezani, akachukua koti, na tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana mlangoni pa kanisa, basi.