Viti vya Ukumbi wa Pamba

Kazi yangu pale ukumbini ilikuwa viti. Kuvivisha vitambaa vyeupe kwa ajili ya harusi, kuvivua kwa ajili ya semina, kuvipanga mstari unyooke. Msimamizi wangu alikuwa akipita nyuma yangu amefumba jicho moja, kama fundi anayekagua ubao, na kiti kikitoka nje kidogo tu, ananiita nirudi. Nilimchukia kwa moyo mkunjufu.

Lakini asubuhi, kabla watu hawajaja, jengo lilikuwa langu. Jua liliingia kwa madirisha ya juu, vumbi likaelea polepole, nami nikasimama katikati na fagio, nimesahau nilikuwa nafagia wapi. Wazee wa Shinyanga husema ukumbi ule ulijengwa na wakulima wa pamba, kila mmoja akikatwa kidogo kwenye mauzo yake. Humo walichagua viongozi wa ushirika, humo walicheza dansi la magitaa, na bei ya pamba ilipoanguka ukageuzwa ghala la mahindi. Siku hizi ni mikutano ya watu wa migodi na harusi za wafanyabiashara wa dhahabu kutoka Bugarama. Hata hivyo mvua ikinyesha, sakafu bado hutoa harufu ya magunia. Kuna asubuhi nilisikia kabisa watu wa zamani wakicheka kule jukwaani. Sikuogopa. Nilitamani tu waongeze sauti.

Baba yangu alikuwa ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, kule kwetu Kishapu. Ngoma zetu hushindanishwa: makundi mawili, Bagika na Bagalu, huimba wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila moja upande wake. Majaji hakuna. Mtazamaji anakwenda kusimama kwa yule anayempendeza, na mwenye watu wengi ndiye mshindi. Baba alishindana miaka yote na mzee mmoja wa kijiji cha jirani, na miaka yote watu walimiminika kwa yule mzee. Nyumbani jambo hilo tulilizunguka tu, hakuna aliyeligusa.

Basi ukumbi ulipotakiwa kufungwa kwa ukarabati, likaandaliwa tamasha la kuuaga, na wazee hao wawili wakaalikwa. Baba alifika siku moja kabla. Nilimkuta mlangoni amevua kofia, nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu." Ndivyo alivyoniita tangu utotoni, yaani mama kwa Kisukuma, kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Akatazama dari kwa muda mrefu. "Kifua kimechoka. Hapa ndipo mwisho wangu. Nataka niwaone watu wakija kwangu, hata mara moja tu."

"Watakuja, baba," nikamjibu, nikarudi kupanga viti vyangu. Mjinga mimi, sikufikiri.

Siku yenyewe msimamizi alitangaza kila mtu akae, asionekane mtu anazurura. Mimi aliniweka kiti cha mbele kabisa, niwe mfano. Wazee walisimama kila mmoja kwenye pembe yake ya jukwaa, wakaanza pamoja.

Baba aliimba habari za ng'ombe waliohama kufuata mvua na mwenye ng'ombe aliyebaki akiisikiliza njia. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini kuta zile ziliichukua zikairudisha ikiwa tamu zaidi. Niliiona Kishapu yote ndani ya ukumbi: vumbi jeupe, kwato, mama yangu akiwa kijana amejifunika khanga usoni. Mwanamke wa pembeni yangu alikuwa akilia waziwazi. Wengi walilia. Ila walilia wamekaa.

Baba hakuyaona machozi. Aliiona sakafu tupu iliyokuwa mbele yake. Akaitazama, akatazama viti, kisha akanitazama mimi. Nikashika kiti changu kwa mikono miwili. Msimamizi alikuwa mlangoni. Nilihofia kazi yangu, na zaidi niliona aibu ya kusimama peke yangu mbele ya watu wale waliovaa vizuri. Nikakaa.

Sauti ya baba ikaanza kukatika. Hapo upande wa pili wimbo ukanyamaza. Yule mzee mshindani aliweka njuga zake chini, akalivuka jukwaa akiburuta mguu, akaenda kusimama mbele ya baba, akitikisa kichwa kwa kukubali kama mtazamaji wa uwanjani. Baba akamwimbia yeye peke yake mpaka mwisho.

Nilipomsindikiza stendi, baba alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona usoni pake.

"Mayu, ulimwona alivyokuja?"

"Nilimwona, baba."

Hakunilaumu siku hiyo, wala baadaye. Kutoka kiti changu hadi miguuni pake zilikuwa hatua sita. Nilizipima kesho yake, nikiwa na fagio mkononi, kabla hatujaanza kuvitoa viti.