Jumamosi Fundi Alipokata Sauti

Wanamuziki wote wanamwita Fundi, na mwenyewe amelizoea jina hilo kiasi kwamba akiitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake hugeuka kuangalia ni nani anayetafutwa. Kazi yake ni kuendesha mitambo ya sauti kwenye maonyesho ya wazi. Msimu wa joto ukiingia na bendi zikatoka kwenye kumbi kwenda kupiga muziki bustanini, utamkuta katikati ya watazamaji, chini ya turubai, mbele ya meza yenye swichi nyingi, shati limemganda mgongoni, upande mmoja wa hedifoni sikioni na mwingine ameusukuma nyuma. Ni mwanamke mfupi mwenye mabega ya kubebea spika. Akiwa kazini hasemi sana. Akikasirika husema, na kukasirika hakumchukui muda.

Wanaomfahamu hawamlaumu. Alipoanza kazi, watu walikuwa wakimkuta amepiga magoti akifunga nyaya, wanamuuliza fundi yuko wapi. Wapiga gitaa walikuwa wakimwitikia vizuri, akigeuka tu wanapandisha sauti zao kwa siri. Basi akajifunza kuwakata. Mtu akijipandishia sauti jukwaani, Fundi anamshusha mezani mpaka anabaki anachezesha vidole bila mlio, halafu anamwangalia tu. Wakaelewana hivyo.

Alikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kumkata. Huyo ni mdogo wake wa kike, mwimbaji, ambaye mji mzima unamwita Chiriku kwa sababu ya sauti yake. Baba yao alifariki Chiriku akiwa bado anavaa sare za shule ya msingi, na mama yao alikuwa akishinda kwenye cherehani, kwa hiyo Fundi ndiye aliyemlea mdogo wake kwa sehemu kubwa. Alikuwa akienda naye kazini, anamlaza juu ya marundo ya mapazia nyuma ya jukwaa. Alipogundua kwamba mtoto anaimba, alimrekodi nyumbani, katika chumba walichopanga, magodoro yakiwa yameegemezwa ukutani na majirani wakiwa wameombwa wazime redio. Nyimbo zilizompa Chiriku jina ni zile zile za chumba cha magodoro. Ilikuwa sauti nyembamba, safi, inayopanda juu bila kusukumwa.

Baadaye Chiriku aliolewa na meneja wa bendi. Shemeji huyo ni mtu wa maneno laini, nguo zake zimenyooshwa hata kukiwa na vumbi, simu moja mkononi na nyingine mfukoni. Yeye na Fundi walikuwa wakisalimiana vizuri na kuishia hapo hapo.

Mwaka ninaousimulia, tangu joto lilipoanza, sauti ya Chiriku ilikuwa na mikwaruzo. Kwanza alisema ni mafua. Mafua yakachelewa kuisha, akasema ni vumbi la bustanini. Fundi hakuhoji. Alifanya alichojua kufanya: alipunguza ukali pale sauti ilipopasuka, akaongeza mwangwi kidogo pale ilipokauka, akamwambia mpiga gitaa washushe nyimbo ili mdogo wake asilazimike kupanda sana. Kila Jumamosi alimbeba hivyo, kwa vidole, mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, na watu wakarudi makwao wakisema Chiriku ni yule yule. Fundi alikuwa akifungasha nyaya zake huku akijisikia fahari ambayo hakumwambia mtu.

Jumamosi moja mchana, wakati wa kupima sauti, shemeji alikuja mezani. Jua lilikuwa kali, spika zimepata moto hadi hazishikiki. Alisema kwamba mpiga kinanda ameleta mpangilio mpya wa kwaya kwenye kompyuta yake, na akamwomba Fundi asiiguse laini ya mezani inayopitisha kwaya hiyo wakati wa onyesho. Fundi akajibu kwamba kila kinachopita kwenye meza ile ni chake kukigusa.

"Shemeji, nakuomba tu," yule bwana alisema, na akatabasamu.

Fundi akakubali kwa sababu ameombwa, si kwa sababu ameelewa.

Jioni bustani ilijaa. Familia zilikuwa zimetandika mikeka kwenye nyasi, watoto wamepakaa aiskrimu hadi kwenye viwiko. Chiriku alipanda jukwaani jua likianza kulegea, akapokewa kwa vifijo, na wimbo wake mkubwa ukaanza. Katika wimbo huo kuna mstari mmoja mrefu. Msimu ule wote alikuwa akiukatiza katikati ili avute pumzi. Siku hiyo aliuimba wote kwa pumzi moja, na mwishoni ukapanda juu, mororo, kama zamani.

Fundi alishikwa na furaha mpaka machozi yakamlengalenga. Alijua amepona. Akaweka hedifoni sawasawa masikioni na kubonyeza kitufe cha kusikiliza maiki ya mdogo wake peke yake, aionje sauti ile kabla haijachanganyika na ngoma na gitaa.

Hakusikia kitu. Maiki ilikuwa imezimwa.

Alitazama jukwaani. Chiriku alikuwa anafumbua na kufumba mdomo, mkono mmoja kifuani, macho ameyafumba kwa hisia. Fundi akabonyeza kitufe cha laini ya kwaya, na humo ndimo alimomkuta mdogo wake, msichana wa chumba cha magodoro, akiimba kutoka kwenye kompyuta ya mpiga kinanda. Kazi aliyoirekodi kwa mikono yake mwenyewe. Walikuwa wanapiga plebeki, na walikuwa wameipitisha mezani kwake kama mzigo wa magendo.

Katika hasira yake aliona jambo moja tu: shemeji amemgeuza mke wake mwanasesere, amemsimamisha mbele ya watu achezeshe midomo, na amemfanya dada mtu aendeshe udanganyifu huo bila kujua. Hakuwaza zaidi. Aliishika swichi ya laini ya kwaya akaivuta chini mpaka mwisho.

Ngoma na gitaa viliendelea. Sauti ikatoweka, na Chiriku akabaki anatamka maneno yasiyosikika. Kwanza watu walidhani mitambo imeharibika. Halafu wa mbele wakaona ameganda na mdomo wazi, wakaelewa, na kicheko kikaanza pale na kurudi nyuma safu kwa safu. Simu zikainuliwa. Mtu mmoja akapiga mluzi wa kejeli.

Chiriku alimtafuta dada yake juu ya vichwa vyote vile, akampata, akamwangalia. Kisha akaiwasha maiki kwa kidole gumba, akaimba. Ilitoka sauti iliyochanika, nusu yake hewa. Mkono wa Fundi ulikwenda wenyewe kumsaidia, ukaongeza mwangwi, ukapunguza ukali, lakini hapakuwa na cha kusaidia. Kwenye sehemu ya kupanda, sauti ilikatika kabisa. Chiriku aliinamisha kichwa kushukuru, akaweka maiki kwenye stendi yake taratibu, akashuka.

Mpiga gitaa akawahi kuanzisha wimbo usio na maneno. Fundi akatupa hedifoni mezani, akapita katikati ya watu kwa viwiko hadi kwenye hema nyuma ya jukwaa, ambako shemeji alikuwa tayari anatembea huku na huku akifoka kwamba kazi ya miaka imeharibika.

Fundi alimtolea uvivu. Alimwambia kwamba ni mwongo na mwoga, kwamba anamtumia mke wake kama bango la biashara, kwamba mtu akiumwa anapelekwa hospitali, hafichwi nyuma ya kompyuta. Mpiga kinanda alichungulia, akaona hali ilivyo, akarudi alikotoka. Fundi aliendelea mpaka Chiriku, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akiwa ameshika chupa ya maji, alipoinua mkono.

"Muache mume wangu," alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Ni mimi niliyemwomba."

Fundi alidhani hakusikia vizuri. Chiriku akarudia, kisha akaeleza, akipumzika kati ya sentensi. Daktari alikuwa amekuta kivimbe kwenye koo lake. Alimkataza kuimba mpaka apasuliwe, na upasuaji ulipangwa msimu ukiisha. Bendi yote ilikuwa inategemea msimu ule. Plebeki ilikuwa wazo lake yeye.

"Kwa nini hukuniambia mimi, dada yako?"

"Kwa sababu ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa. Ningesimamisha kila kitu."

"Umeona," Chiriku alisema. "Hata ugonjwa wangu ungekuwa kazi yako. Kila Jumamosi unaniinua kwa vidole vyako, kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Unadhani kule jukwaani sisikii unachonifanyia? Nilikuwa naimba, dada, halafu inatoka sauti unayoitaka wewe."

Fundi aliuliza swali moja tu, kama mama yao alikuwa anajua. Chiriku aliangalia chupa yake, na shemeji akawa na shughuli ghafla kwenye simu.

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Kesho yake alikwenda kwa mama, akamkuta anachambua mchele kwenye ungo, hakungoja hata kukaribishwa kiti. Mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua. Alikiri kwamba aliambiwa tangu mwanzo na aliapishwa asiseme.

"Wewe mwanangu ukiambiwa jambo hulisikilizi," alisema. "Unalitengeneza. Mdogo wako alitaka mtu wa kumsikiliza."

Fundi akamwambia mama yake kwamba wangemtukana hadharani angewaelewa, lakini wamekaa pamoja wakamlia njama, watu wa nyumba moja. Aliondoka na hasira alizokuja nazo na nyingine juu yake.

Video ile ilizunguka kwenye simu za watu. Chiriku akapewa jina la mwimbaji hewa, na watangazaji wa redio wakapata cha kuchekea asubuhi. Bendi ilivunja maonyesho yaliyobaki. Siku moja Fundi aliingia dukani kununua betri, akamkuta muuzaji anamwonyesha mteja ile video, wote wawili wanapangusa machozi ya kicheko. Akamuuliza muuzaji kama anajua mtu yule ana uvimbe kooni, na kama yeye mwenyewe siku akilazwa angependa watu waje na simu zao. Aliwapasha wote wawili mpaka mteja akaondoka bila alichokifuata. Alipotoka nje alikaa juu ya kreti la soda, betri hajanunua, kwa kuwa alijua ni nani aliyewapa watu kitu cha kucheka, na hakuwa tayari kulisema hilo kwa mtu yeyote.

Upasuaji ulifanyika mapema kuliko ilivyopangwa. Chiriku akakatazwa kusema hata neno mpaka kidonda kipone. Fundi alikwenda hospitalini akiwa ameapa kutogusia yaliyopita, na alipofika kitandani aliyamwaga yote, kuanzia chumba cha magodoro hadi ungo wa mama. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumsema mdogo wake bila kukatizwa. Alipofika mahali pa kusema kwamba hakuna binadamu anayeijua sauti yake kama yeye, Chiriku alinyoosha mkono kwenye redio ndogo ya mgonjwa wa jirani, akaipandisha mpaka mwisho.

Yule mgonjwa wa jirani alicheka. Fundi hakucheka. Lakini hakuondoka pia. Alikaa hapo, amekunja uso, wakasikiliza taarifa ya habari yote.

Sauti ilirudi, ila haikuwa ile. Ilikuwa imeshuka, nzito, yenye mkwaruzo chini yake, na kule juu ilikokuwa ikienda bila kusukumwa haikufika tena. Msimu wa joto uliofuata Chiriku alikusanya watu wachache, gitaa moja na ngoma, nyimbo zote mpya. Alimpigia dada yake simu.

"Nataka wewe ndiye ukae mezani," alisema. "Lakini usinibebe. Sauti itoke ilivyo."

"Bado nina hasira na wewe," Fundi akamwambia.

"Najua. Na mimi nina zangu. Njoo nazo."

Akaenda. Bustani haikujaa kama zamani, na kuna waliokuja wakitarajia kichekesho kingine. Shemeji alikuwa pembeni ya jukwaa, na Fundi alimpita kama anavyopita nguzo ya umeme. Alipima sauti ya mdogo wake mara moja, akaiacha, kisha akaitia mikono yake mfukoni, maana haikuwa ya kuaminika. Chiriku aliimba. Mara mbili sauti ilitetereka, na mara zote mbili Fundi aliuma midomo na kutazama nyasi. Baadhi ya watu walikunja mikeka yao mapema wakaondoka. Waliobaki walinyamaza na kusogea karibu.

Katikati ya wimbo wa mwisho, bwana mmoja aliyevaa kofia ya jua alikuja mpaka mezani, akagonga kwa kidole na kumwambia Fundi kwamba mwimbaji anakwaruza, hasikiki vizuri, aitengeneze sauti yake kidogo. Fundi alimkata jicho kuanzia kofia mpaka viatu.

"Haijaharibika," alimwambia. "Sogea mbele usikilize."