Nilichoandika juu ya site ya kanisa yetu

Leo, mu matangazo, pasteur amesoma blogu yangu mbele ya kanisa nzima.

Mule niliandika, bila kuweka jina yangu, kwamba site ya internet ya kanisa yetu ya Bulengera ni nzito sana. Kwa simu ya mama hata haifunguki.

Akauliza: "Nani aliandika hii? Asimame."

Nikajificha nyuma ya kitabu ya nyimbo.

Mais mama akanivuta mukono juu: "Ni mutoto wangu huyu! Anashindaga kwa ile blogu."

Nikangoja kufokewa.

Pasteur akacheka: "Bon, kesho uje ku bureau, ututengenezee site ingine."

Batu bote makofi!

Donc naandikia ninyi munaosomaga hii blogu. Kukosoa najua. Kutengeneza site, sijafanya hata moja. Hata blogu yangu ni modèle ya bure, niliikuta tayari ku internet.

Kesho nitamuambia nini? Munisaidie, tafazali.