Ramani ya Ghorofa Tatu

Ofisi ile ya ghorofa tatu pale Moshi niliipima kwa wiki mbili, mwenzangu wa kazi akinishikia futi. Ramani niliichora mwenyewe: vigae mapokezini, zulia penye meza za wafanyakazi ili viatu visipige kelele. Nilipoipeleka, meneja alinionyesha nyingine iliyofanana nayo kabisa, hata mlango wa stoo nilioukosea.

"Mwenzako ameileta juzi. Alisema umeacha kazi."

Nilimpigia simu hapohapo.

"Dada, usikasirike," akasema. "Nitakuita uje upange vigae."

Nilikata. Ndiye baba wa ubatizo wa mwanangu. Jumapili, nje ya kanisa, mtoto alimkimbilia kwa furaha kama kawaida. Mwenzangu aliponisalimia, nilimshika mtoto mkono tukaondoka.