Simu Moja, Mtu Mmoja

Sharti lile nililiweka mimi. Nalisema mwanzo kabisa kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nikilisimulia kama kitu kilichojiotea chenyewe, kama magugu.

Vyuo kadhaa vilikuwa vimekubaliana kuchangia maktaba ya mtandaoni, mihadhara iliyorekodiwa na majaribio. Kabla ya hapo mwanafunzi alikuwa na jina la kuingilia maktaba, jingine la mihadhara, jingine la mitihani, na kila jina na nywila yake. Akisahau moja, amekwama wiki nzima. Sisi tulipewa kazi ya kujenga mlango mmoja: uingie mara moja, kwa jina moja na nywila moja, kisha kila chumba kikufungukie. Tulikuwa watu wanne katika ofisi moja Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyekuwa nikiamua nani apite na nani azuiwe. Niliipenda mno kazi hiyo. Nililipenda hata neno lenyewe, mlango, na nilizoea kulitamka mbele ya wakubwa kana kwamba nimelibuni mimi.

Wenye vyuo walikuwa na hofu moja, kwamba mwanafunzi aliyesajiliwa atampa nywila yake rafiki asiyesajiliwa. Nikawatoa hofu. Mfumo ungekuwa unaitambua simu ya kila mtu. Akaunti mbili zikionekana mara kwa mara kwenye simu moja, zote mbili zinasimamishwa bila kuuliza. Nikaliita sharti hilo "simu moja, mtu mmoja", na likapita kikaoni bila ubishi.

Aliyelitilia shaka alikuwa mwenzetu aliyeshika dawati la msaada, dada mmoja wa Newala, mtu asiye na maneno mengi.

"Kaka, kuna watu wanaazimana simu," aliniambia tukiwa ofisini. "Kwa nini tusiwachapishie kadi? Kadi ndogo yenye namba za kuingilia. Kila mtu na yake, hata akitumia simu ya jirani mfumo unamjua."

"Kadi ya karatasi?" nikamcheka. "Tunajenga kitu cha kisasa, wewe unaturudisha kwenye kadi."

Akarudi kwenye dawati lake.

Ningekuwa nimezaliwa mjini kwenye nyumba ambayo kila mtoto ana simu yake, labda ningejitetea kwamba sikujua. Mimi nimekulia Lindi, kwenye nyumba iliyokuwa na simu moja tu, na hiyo ilikuwa ya mjomba. Habari ya kupata nafasi yangu ya chuo iliingia kwenye simu hiyo, naye mjomba yuko shambani Rondo. Alipanda lori la mbao akateremka mpaka mjini ili aniletee niusome ujumbe kwa macho yangu. Alisimama mlangoni ameishika ile simu kwa mikono miwili. Kwa hiyo nilijua. Nilijua, nikaweka sharti.

Mfumo ulipoanza kufanya kazi ulinipa orodha ya akaunti zilizosimamishwa. Nikaenda nayo kwenye kikao cha wenye vyuo, nikaionesha ukutani kwa projekta. Kati ya majina ya juu kabisa kulikuwa na wanawake wawili, walimu wa shule moja ya msingi Likawage, ndani kabisa ya wilaya ya Kilwa, waliokuwa wakisoma shahada ya ualimu kwa masafa. Kumbukumbu zilionesha wanaingia kwa simu moja. Mmoja akitoka, baada ya dakika chache anaingia mwingine, kila jioni.

"Hawa hata kujificha hawajui," nilisema.

Watu wakacheka. Mmoja akauliza kama huko Likawage kuna umeme, wakacheka tena. Nami nikacheka nao, mimi mtu wa Lindi.

Walimu wale walilalamika mara tatu. Fomu ya kulalamikia nilikuwa nimeiweka ndani ya mfumo, kwa hiyo mtu aliyefungiwa nje hakuweza kuifikia mpaka aingie. Upumbavu huo sikuuona hata siku moja, kwa sababu mimi kila siku nilikuwa ndani. Wakapiga simu ofisini. Dada wa dawati la msaada akayaandika maneno yao na kuniletea kwenye foleni yangu ya kazi. Mara ya kwanza niliandika: "Wanachangia akaunti. Wabaki hivyo." Mara ya pili niliandika: "Wameshajibiwa." Mara ya tatu sikuandika kitu. Nilibofya tu mahali pa kufungia shauri, bila kusoma, nikaenda kula.

Miezi michache baadaye tulikwenda Kilwa Masoko, mimi na yule dada, kuwafundisha wanafunzi wa masafa namna ya kuutumia mfumo. Tulikodi ukumbi jirani na soko. Asubuhi mwenyeji wetu alinitambulisha kwa maneno mengi, nikapigiwa makofi, nikaanza kueleza. Watu walikuwa wasikivu, wanaandika kila kitu madaftarini. Karibu na saa nne aliingia mwanamke aliyepita miaka arobaini, mwenye ushungi na gauni la kitenge, upindo wake mwekundu kwa vumbi. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, akalipakata mapajani faili lake la plastiki kama mtoto.

Mkutano ulipokwisha alisubiri mpaka wenzake wote wametoka. Tulibaki watatu: yeye, mimi, na dada aliyekuwa akikunja nyaya za projekta.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Poleni na kazi. Mimi nimetoka Likawage."

Kabla hajamaliza kulitaja jina la kijiji nilijua ni nani.

Alieleza taratibu, bila hasira, kama anayemweleza daktari. Yeye na mwenzake walikuwa wakiishi nyumba moja ya walimu. Simu ya mwenzake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, haikuwaka tena. Basi wakawa wanatumia ya kwake.

"Jioni tunapanda kilimani nyuma ya shule, ndipo mtandao unaposhika," alisema. "Mimi nasoma kwanza. Nikimaliza natoa laini yangu kwa pini, naweka ya kwake, naye anasoma. Siku moja ikatuandikia tumekiuka masharti. Tukaulizana, tumekiuka nini? Mpaka leo hatujui."

Alifungua faili. Ndani mlikuwa na karatasi za daftari zilizoandikwa pande zote mbili. Baada ya kufungiwa walikuwa wakimpigia mwanafunzi mwenzao wa Kikole, awasomee somo kwa simu, nao wanaandika.

"Majaribio ya muhula yalitupita. Chuo kimesema turudie mwaka," akasema. Kisha akaninyanyulia macho. "Samahani, mwanangu. Sharti hili nani kaliweka?"

Yule dada aliacha kukunja waya.

"Ni mfumo, mama," nikasema. "Ulikuja hivyo hivyo. Wataalamu walioutengeneza wako nje, sisi tunauendesha tu."

"Nje wapi?"

"Ulaya."

Sijui hiyo Ulaya niliitoa wapi. Ilinitoka mdomoni nyepesi, kama jina la mtaa ninaokaa.

Mwalimu alitikisa kichwa polepole. "Basi ukiwasiliana nao, wafikishie. Waambie mimi nimefundisha miaka kumi na tisa, na mwenzangu kumi na mmoja. Waambie sisi si wezi. Halafu waulize, mtu kama simu yake imeharibika, wao walitaka afanyeje?"

"Nitawafikishia."

"Inshallah."

Nilizifungua akaunti zote mbili pale pale. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Alinishukuru kwa kunishika mkono, akatoa kwenye mkoba mfuko wa ufuta uliokaangwa, akasema ni wa kutafuna njiani. Nikaupokea kwa heshima zote, nikimwangalia usoni kama mtu mwema.

Tulipokuwa tunarudi, gari likiwa limeshapita Nangurukuru, yule dada alisema, "Ungemwambia tu, kaka."

"Ningemwambia nini?"

"Kwamba ni wewe."

"Mbele za watu?"

"Watu gani? Tulikuwa watatu."

Akageukia dirishani. Ufuta ulikuwa kati yetu kwenye kiti, na hakuna aliyeugusa mpaka tukafika.

Wiki ile ile nilianza kulibadilisha sharti. Nikaihamisha fomu ya malalamiko nje ya mlango. Nikatengeneza kadi, kadi ndogo ya karatasi yenye namba za kuingilia, kila mtu na yake. Nilipoionesha kikaoni, mkuu wetu alinisifu kwa ubunifu. Alisema ndivyo wataalamu wanavyopaswa kufikiri, kuwakumbuka walio mbali. Dada wa dawati la msaada alikuwa amekaa ng'ambo ya meza, anaangalia daftari lake. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Ahsante, mkuu."

Hilo la kadi nilikuja kulirekebisha, lakini nilichelewa. Nilimwandikia mkuu kwamba wazo lilikuwa la yule dada na kwamba mimi nililikataa mwanzoni. Mkuu alijibu kwamba kazi ni ya timu. Nilipomwonesha dada barua ile, aliisoma yote, akanirudishia. "Haya," alisema.

Likizo iliyofuata nilikwenda Lindi kwa mama. Nilimsimulia habari nzima akiwa anachambua mbaazi uani, na sikumficha kitu, hata kile kicheko cha kikaoni. Nilipomaliza mama aliniuliza kwa Kimwera, lugha anayoitumia nami akiwa hana utani, kama nimeshakwenda Likawage kumwambia mwalimu kweli. Nikamjibu sijakwenda. Akaendelea na mbaazi zake kana kwamba nimeshaondoka.

Kesho yake asubuhi nilipanda basi, halafu bodaboda. Dereva wa bodaboda aliniuliza kama mimi ni mtu wa mbegu au wa chanjo. Nikamwambia nakwenda kumwona mwalimu wangu, uongo mwingine, ingawa huo haukuniuma sana.

Nilimkuta ofisini kwa walimu, anasahihisha madaftari ya darasa la pili. Alinikaribisha kiti, akaniuliza hali ya nyumbani na ya safari. Nilipoona salamu zimekwisha na sina tena pa kujificha, nikasema.

"Mwalimu, siku ile Kilwa sikukuambia kweli. Hakuna mtu wa Ulaya. Sharti lile nililiweka mimi. Malalamiko yenu pia niliyafunga mimi, la mwisho hata sikulisoma."

Alimaliza kusahihisha daftari lililokuwa mbele yake, akaandika alama, akalifunga.

"Najua," akasema.

Akaliweka daftari juu ya rundo la yaliyosahihishwa.

"Nilipoingia ukumbini nilimuuliza jirani yangu, yule kijana anayezungumza ni nani? Akaniambia ndiye aliyeutengeneza mfumo."

"Mbona ukaniuliza, basi?"

"Mimi nafundisha darasa la pili. Mtoto akivunja chaki namuuliza nani kavunja, hata kama nimemwona." Alivuta daftari jingine. "Nilitaka useme mwenyewe. Ulipotaja Ulaya nikaona nikuache, maana ulikuwa na mwenzako pale, nisije nikakuvunjia heshima."

Nimetukanwa mara kadhaa maishani mwangu, na baadhi ya matusi nilistahili. Hakuna lililonishusha kama kuambiwa kwamba mtu niliyemwibia mwaka wake alikuwa akinisitiri.

Nilimuuliza habari za mwenzake. Akasema yupo, anafundisha chumba cha pili, lakini masomo ameacha. Neno "umekiuka" lilimkaa vibaya. Mumewe aliliona kwenye simu akadhani ni kesi ya polisi, na maneno yakaenea kijijini. Alipoambiwa akaunti imefunguliwa, alisema wafungue wenyewe na waingie wenyewe.

"Naomba nimwone," nikasema.

Alinyanyuka, akaenda. Alirudi peke yake.

"Anasema ana kipindi."

Nilingoja mpaka kengele ikalia. Kupitia dirishani nilimwona mwanamke mrefu akitokea upande wa pili wa jengo, madaftari kifuani, akikata uwanja kuelekea nyumba za walimu. Hakugeuka. Sikumfuata, na sijui kama huo ulikuwa uungwana au woga.

Jioni, kabla bodaboda haijanifuata, mwalimu aliniomba nimwoneshe namna ya kupakia kazi yake, kwa kuwa ilikuwa ikimgomea. Tukapanda kilimani nyuma ya shule. Pana jiwe pana pale, limelainika kwa kukaliwa. Ukurasa ulichukua muda kufunguka. Ulipofika mahali pa nywila, aligeuza bega kidogo, akaikinga simu kwa kiganja nisione anachoandika.

"Samahani," akasema. "Ndivyo mlivyotufundisha."

Nikageukia upande wa mashamba, nikasubiri mpaka aliponiambia tayari.

Alimaliza shahada yake, mwaka mmoja nyuma ya wale alioanza nao, na aliniarifu kwa ujumbe mfupi wenye salamu kwa mama yangu. Akaunti ya mwenzake bado iko wazi. Mimi ndiye ninayeona orodha, na mara nyingine huitafuta bila sababu ya kikazi. Jina lipo, kadi ilichapishwa na ikapelekwa. Tangu nilipoifungua akaunti ile pale Kilwa, hakuna aliyeingia.