Mama Chemsha na Kisima cha Watawa

Alizaliwa katika nyumba ya muuza maji, kifungua mimba wa mama aliyezaa watano akalea wawili. Baba yake alisukuma mkokoteni wa madumu mtaa hadi mtaa, na maji yale yale aliyouza ndiyo waliyokunywa nyumbani, mtungini, kwa kikombe kimoja, kila mkono ukichovya. Wadogo zake walihara wakapona, wakahara tena. Walikula lakini hawakunenepa, hadi watatu wakazikwa. Majirani walisema ni kijicho, naye akaamini hivyo hivyo mpaka alipoingia utawani na kupelekwa kusomea uuguzi. Huko alifundishwa kwamba maji machafu huchubua utumbo wa mtoto mdogo, na utumbo uliochubuka haunyonyi chakula hata umlishe nini. Siku hiyo alitoka darasani akaenda kulia bafuni. Hakumlaumu baba yake. Alimwomba Mungu kazi moja tu, asimame kati ya kikombe na mdomo wa mtoto.

Kazi akapewa, katika zahanati ya watawa yenye vitanda vichache na jiko la mkaa uani. Alichemsha maji hadi yatokote, akayafunika, akayachota kwa kata yenye mpini mrefu, na ole wake aliyetumbukiza mkono! Waliokosa mkaa aliwapa dawa ya maji na kuwaonyesha namna ya kuitumia. Watu wakambandika jina la Mama Chemsha. Walitania kwamba ukimsalimu "Tumsifu Yesu Kristo," atakujibu, "Milele amina, umechemsha?" Naye alicheka kuliko wote.

Jaribu lake kubwa, wapendwa, halikutoka kwa wasioamini. Lilitoka kwetu sisi. Mama mmoja mshonaji alimleta binti yake aliyekauka kwa kuhara, macho yamedidimia. Sista alimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, yaliyotekwa kisimani kwa watawa na kuchemshwa kama kawaida, na jioni mtoto akadai uji. Mama mtu aliona kisima, hakuona sufuria. Akatangaza mtaa mzima kwamba kisima kina baraka. Sista akadhani ni maneno ya kupita. Wapi! Watu walifurika na ndoo, chupa, hata makopo ya rangi, kila mmoja akatumbukiza chombo chake, wakakanyaga tope hadi ukingoni na tope likarudi kisimani. Wala hakuna aliyechemsha, maana nani achemshe baraka?

Haukupita muda, mshonaji yule yule akaja mbio na kitinda mimba wake, mtoto wa kiume aliyeanza tu kuonja uji, amelegea kama kitambaa. "Nimempa maji yako, sista, mabichi kabisa, baraka isitoke!" Mtoto alilia bila machozi. Sista alipiga magoti na kijiko, akitapikiwa, akingoja, akianza upya, midomo ikimtetemeka kwa sala. Mchana ulipoinama mtoto akalia tena, na safari hii machozi yakatoka. Sista naye akaangua kilio.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Mkuu kuomba kisima kifungwe. "Watu wamerudi kanisani, mwanangu," mkuu wake akamsihi. "Ukiwaambia kisima si kitu, si watasema na Mungu si kitu?"

"Mama, Mungu hana ugomvi na sufuria."

Mama Mkuu akampa ruhusa. Dominika iliyofuata sista alisimama mbele ya waumini. "Ndugu zangu, la kuvunda halina ubani. Maji yangu nusura yamzike mtoto. Mkinipenda, chemsheni. Msipochemsha msiniite mtakatifu, niiteni muuaji." Wengi walitoka wakinung'unika. Fundi alikifunika kisima kwa zege na kuweka pampu, na kwa muda mrefu walimpita sista njiani bila salamu. Iliuma, tusidanganyane. Yeye alibeba sufuria yake nyumba kwa nyumba, akafundisha waliomfukuza jana, hadi mabenchi ya kanisa yakajaa tena, na wodi ya watoto wa kuhara ikakosa wagonjwa, ikageuzwa chumba cha kupimia uzito.

Alifariki uzeeni, kwa amani, watawa wenzake wakimwimbia. Siku ya mazishi, amini usiamini, watu walijazana langoni na chupa tupu, wakitaka maji yaliyomwosha. Mshonaji, mvi kichwani, akawazibia njia. "Jamani, mnataka baraka yake?" Akamshika bega kijana mrefu aliyekuwa amebeba jeneza upande wa mbele. "Hii hapa. Na nimeilea kwa maji ya kuchemsha!" Chupa zikashuka moja moja, watu wakalia.

Basi anayetaka kumfuata asianzie kaburini pake. Aanzie jikoni kwake, kabla mtoto hajaomba maji.