Mwaka Ambao Bosi Alikuja na Mfuko Mmoja

Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kuyafufua mashuka ya hospitali. Alikuwa na chumba kidogo nyuma ya jengo la kufulia, cherehani moja, meza ndefu, na rundo la mashuka yaliyochakaa katikati. Alilipasua shuka pale lilipochakaa, akaziunganisha kingo ambazo bado zilikuwa nzima, nalo likarudi wodini na mshono mmoja na miaka mingine miwili ya kulaliwa. Wauguzi wakamwita Mama Viraka. Jina likamfuata hadi nyumbani, na hata mama yake mzazi akalizoea.

Mshahara wake haukuwa wa kumchosha mtu kuuhesabu. Lakini kila Krismasi, ndugu zake kumi na wanne walipokutana kwa mama yao, hakuna aliyekosa kitu kutoka kwake, na hakuna aliyewahi kumwona akihaha madukani. Wenzake wakianza kupigana vikumbo wiki ya mwisho, yeye alikuwa amemaliza zamani, yuko kwake amenyoosha miguu.

"Una siri gani?" walimuuliza.

"Sina siri. Natembelea watu."

Na kweli, hakuwa na zaidi ya hilo. Novemba ikianza alipita nyumba moja moja, akaomba maji ya kunywa, akakaa. Hakumuuliza mtu anataka nini, maana ukimuuliza hivyo atakudanganya kwa adabu. Aliangalia tu. Hapa birika limepoteza kifuniko, linafunikwa kwa kisosi. Pale saa inawekwa mfukoni kwa sababu mkanda umekatika. Vitu hivyo ndivyo alivyonunua.

Mdogo wake wa kiume hakuwa hivyo hata kidogo. Ukoo mzima ulimwita Bosi. Alikuja na maboksi makubwa ya kung'aa, yaliyonunuliwa mkesha wa Krismasi huku kijasho kikimtoka. Mwaka uliopita alimletea mama yao mashine ya kukanda miguu. Ilipowashwa, mama aliruka kama aliyeng'atwa, na tangu siku hiyo mashine ikahamia chini ya kitanda.

Jumanne moja ya Novemba, siku yake ya mapumziko, Mama Viraka alifika kwa Bosi saa nne asubuhi akitarajia kumkuta wifi yake peke yake. Mlango ukafunguliwa na Bosi mwenyewe, amevaa tai, mkononi ana kisu na kiazi kilichomenywa nusu.

"Leo hukwenda kazini?"

"Niko likizo, dada. Karibu."

Aliketi. Gari halikuwepo uani. Bosi alisema liko gereji. Mlangoni palikuwa na viatu vyake vyeusi, vile vya ofisini, soli zimelika upande kama za mtu anayetembea maili nyingi. Dada mtu akanywa chai yake polepole. Kikombe kilipofika nusu, Bosi akakaa mbele yake.

"Tangu Agosti," alisema. "Walifunga idara nzima. Wifi yako anajua. Wengine hapana."

"Na hiyo tai?"

"Nikiivaa, naona kama nina pa kwenda."

Mama Viraka akaangalia pembeni. Bosi akacheka kidogo. "Unajua kinachoninyima raha? Si kazi. Kazi naitafuta. Ni Krismasi. Watu kumi na wanne wananisubiri mimi na maboksi yangu. Nimefikiria hata kuuza runinga."

"Acha runinga ya watu. Tenga kiasi ambacho kikidondoka njiani hutalia. Ukishakitenga usikiongeze. Halafu nenda ukawatembelee."

"Nikafanye nini?"

"Ukakae."

Bosi alikwenda kwanza kwa shangazi yao, akarudi na habari kwamba shangazi anahitaji friji mpya. Dada yake akacheka hadi akafuta macho. "Nimekutuma ukakae, wewe umekwenda kukagua!"

Safari ya pili alikwenda kwa mama. Alikaa saa tatu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka. Walizungumza, wakanyamaza, wakazungumza tena. Akaona kwamba kila mama alipotaka kusimama alijivuta mara mbili, akarudi chini, na mara ya tatu akashika meza. Kiti alichokipenda kilikuwa kifupi mno kwa magoti yake.

"Hujawahi kuniambia," Bosi alisema.

"Ungeniletea kiti kipya," mama akajibu. "Mimi nakitaka hiki."

Wiki ya kwanza ya Desemba, dada na mdogo wake waliingia madukani asubuhi ya Jumanne, milango ndiyo kwanza inafunguliwa. Walikuwa na ukurasa mmoja wa daftari, kila jina na kitu chake. Mbele ya dirisha la vyombo vya kioo Bosi akasimama, paji la uso likaanza kulowa.

"Hivyo ni vya nani?" dada aliuliza.

"Bado sijui."

"Basi twende."

Walinunua zipu ya koti la mjomba, ambayo Mama Viraka angeishona mwenyewe, mkanda wa saa, taa ya baiskeli. Fundi seremala akawakatia vipande vinne vya mbao ngumu na kukichonga kila kimoja tundu la kuingiza mguu wa kiti. Saa sita walikuwa wameketi wanakunywa chai, na Bosi akashangaa kwamba hakuchoka.

Siku ya Krismasi aliingia kwa mama na mfuko mmoja.

"Bosi!" mjomba akapaza sauti. "Maboksi yako wapi? Lori limekwama?"

Watu wakacheka. Bosi akafungua kinywa ili acheke nao, badala yake akasema, "Sina kazi, mjomba. Tangu Agosti."

Mjomba akautazama mfuko, akatazama viatu vyake mwenyewe. Bosi akapiga magoti, akainua kiti cha mama, akaivisha miguu yake vile vipande vya mbao, mmoja baada ya mwingine. Mama akaketi. Kisha akasimama, mara moja, bila kushika meza. Akaketi tena, akasimama tena, kama mtoto aliyegundua ngazi.

Si wote walioridhika. Kijana wa shangazi, aliyepewa taa ya baiskeli, alirudi kuchungulia mfuko kama kuna kingine. Lakini mjomba alimvuta Bosi barazani wakazungumza kwa muda mrefu, na ni mjomba huyo aliyemwelekeza kwa mtu mwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Machi Bosi akaanza kazi huko, mshahara pungufu, bila tai.

Mama Viraka hakujisifu kwa hayo. Kilichomkaa moyoni ni kwamba miaka yote alipopita nyumba za watu Novemba, kwa mdogo wake alinywa maji akiwa amesimama, akaondoka. Palikuwa na kila kitu, aliona hapana haja ya kukaa. Alimwambia wifi yake hivyo siku ileile ya Krismasi, wakiosha vyombo.

"Sasa unakaa," wifi akasema, akampa sahani nyingine aikaushe.